Kabla hujauza Stratocaster ya zamani, isome kutoka ndani

Namba iliyogongwa kwenye kibati cha nyuma, pale shingo inapoungana na bodi, ndiyo kitu cha kwanza ambacho karibu kila muuzaji hupiga picha. Ndiyo pia kitu dhaifu kuliko vyote cha kutegemea. Kibati kile kimeshikwa na skrubu nne tu. Bisibisi ya nyota na dakika tano zinatosha kukihamisha kutoka gitaa moja hadi jingine, na vibati halisi vya miaka ya 1960 huuzwa vyenyewe kama vipuri. Mtu akikuambia "namba yangu inaanza na L, basi hili ni la kabla ya CBS", bado hajakuambia lolote kuhusu mbao, waya wala rangi.

Hapa nazungumzia magitaa ya umeme ya Fender Stratocaster yaliyotengenezwa Fullerton, California, kuanzia 1954 hadi 1965. Mwaka 1954 Stratocaster mpya yenye tremolo, ule mkono wa kutikisa sauti, iliuzwa dola 249.50. Januari 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, kwa dola milioni 13, na soko la magitaa ya zamani limechora mstari wake hapo hapo: ya kabla ya mauzo hayo yana bei yake, na ya baadaye yana bei nyingine iliyo chini sana. Mahali penye pengo la bei kama hilo, mtu wa kuliziba kwa ujanja hakosekani.

Gitaa bandia kabisa, la kuchongwa upya kuanzia mwanzo, si la kawaida. Yanayosumbua ni ya aina tatu. La kwanza ni la kuunganisha: shingo ya gitaa hili, bodi ya lile, pikapu (vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) za jingine, kila kipande ni halisi lakini havikuzaliwa pamoja. La pili ni gitaa halisi lililopakwa rangi upya kisha likauzwa kama lenye rangi yake ya kiwandani. La tatu ni toleo la kumbukumbu, yaani Stratocaster mpya iliyotengenezwa kwa mfano wa zamani kuanzia 1982, kisha ikachakazwa ili ionekane ina miaka 60. Matoleo ya kumbukumbu ya Marekani yana namba inayoanza na V kwenye kibati, na ya Japani ya mwanzo yanaanza na JV. Kibati kikibadilishwa, dalili hiyo imeondoka, na kazi inabaki kwa vitu vya ndani.

Kwa hiyo lazima ufungue. Lakini ufungue mara moja, kwa utaratibu, na kamera ikiwa mezani.

Kufungua bila kuharibu

Tandika blanketi safi mezani. Legeza nyuzi zote sita hadi zilegee kabisa, kisha bana kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) ili zisichomoke kwenye vikaza nyuzi na kukwaruza kichwa. Geuza gitaa, fungua skrubu nne za shingo kwa bisibisi ya nyota namba 2 inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu. Bisibisi ndogo inayocheza itakula zile pembe, na skrubu iliyolika humwambia mnunuzi kwamba gitaa limefunguliwa hovyo mara nyingi. Panga skrubu kwenye kipande cha kadibodi kwa mpangilio ule ule wa matundu yake.

Shingo inuliwe moja kwa moja juu. Usiipinde kama unang'oa mhogo, kwa sababu rangi ya ukingo wa tundu la shingo hupasuka hapo hapo. Ukikuta kipande cha karatasi ngumu kati ya shingo na bodi, usikitupe. Kiliwekwa kurekebisha mwinamo wa shingo, na huenda ni cha kiwandani. Kipige picha kikiwa mahali pake, na wakati wa kufunga kirudi pale pale.

Pikigadi, ile plastiki kubwa ya mbele inayobeba pikapu na poti (vidhibiti vya sauti vinavyozungushwa), inafunguliwa kwa bisibisi ya nyota namba 1. Inue upande wa juu taratibu na uiegemeze, kwa kuwa waya za tundu la kebo na ule wa kwenye springi za tremolo bado zimeshikilia. Hapa kuna sheria moja kubwa: usiguse lehemu. Lehemu ya kiwandani ambayo haijawahi kuyeyushwa tena ina thamani ya pesa. Kadiri inavyozeeka hufifia na kuwa ya kijivu, na utomvu wake hukauka kuwa wa kahawia. Lehemu mpya inang'aa na mara nyingi imezungukwa na waya uliokatwa upya. Kama msimbo wa poti umefunikwa na tone la lehemu, uache ulivyo. Msimbo uliokwanguliwa kwa kisu hupunguza bei kuliko msimbo usiosomeka.

Shingo inasema nini

Anza kwa kuhesabu freti. Ziwe 21. Zikiwa 22, unatazama shingo ya kisasa na kazi imeishia hapo. Urefu wa uzi kutoka kidaraja cha juu hadi daraja ni inchi 25.5, yaani milimita 648, na mgongo wa ubao wa freti umepinda kwa nusu-kipenyo cha inchi 7.25. Matoleo mengi ya leo yana mgongo bapa zaidi, wa inchi 9.5, na kipimo cha kadibodi kilichokatwa vizuri kitakuonyesha tofauti.

Kisha mbao. Kuanzia 1954 hadi katikati ya 1959 shingo ilikuwa kipande kimoja cha mepo, na fimbo ya chuma ya ndani ilipitishwa kutoka nyuma. Ndiyo maana nyuma kuna mstari wa mbao nyeusi ya walnati, na kuna kizibo cha mbao hiyo hiyo kwenye kichwa, juu kidogo ya kidaraja. Katikati ya 1959 ukaja ubao wa rozwudi, fimbo ikapitishwa kutoka mbele, na ule mstari wa nyuma ukatoweka. Shingo ya rozwudi yenye mstari nyuma si ya kati ya 1959 na 1964.

Rozwudi yenyewe ina hatua mbili. Hadi katikati ya 1962 ilikuwa ubao mnene uliobandikwa juu ya mepo iliyosawazishwa bapa. Tazama kitako cha shingo: mpaka wa mbao mbili ni mstari ulionyooka. Baada ya hapo ubao ukawa mwembamba na umepinda, na mpaka wake ni upinde. Hili haliwezi kughushiwa baada ya gitaa kuunganishwa, ndiyo sababu naliamini kuliko namba yoyote.

Tarehe iko kwenye kitako hicho hicho. Kabla ya 1962 iliandikwa kwa penseli. Kuanzia Machi 1962 ukatumika muhuri wa wino, kwa mfano 2 NOV 63B. Wengi husoma hivyo kama tarehe 2 Novemba, nao wanakosea. Ile 2 ni msimbo wa aina ya shingo, na 2 ni Stratocaster. NOV 63 ni mwezi na mwaka. Herufi ya mwisho ni upana kwenye kidaraja cha juu: A ni inchi 1½, B ni 1⅝ ambayo ni kama milimita 41, C ni 1¾. Pima. Kama muhuri unasema B na shingo ina upana wa milimita 43, kuna mtu aliyeugonga muhuri huo bila kujua maana yake.

Vidoti vya ubao wa rozwudi hadi mwisho wa 1964 vina rangi ya udongo mweupe uliofifia, havimeti. Baada ya hapo vinameremeta kama lulu. Nembo ya kichwani yenye herufi nyembamba za dhahabu ilitumika hadi katikati ya 1964, ikafuatiwa na herufi nene za dhahabu zenye ukingo mweusi. Nembo hizo zilibandikwa juu ya vanishi, kwa hiyo ukipitisha kidole unaisikia kingo yake, na nembo kuchakaa ni jambo la kawaida. Nembo iliyozama chini ya vanishi laini kama kioo kwenye gitaa la 1960 ni dalili kwamba kichwa kimepakwa upya. Namba za hati miliki zilianza kuonekana kwenye nembo ya Stratocaster mwaka 1961. Nembo yenye namba hizo kwenye shingo ya 1957 ni ya kubandikwa baadaye.

Freti zilizobadilishwa si aibu. Gitaa lililopigwa kwenye bendi ya dansi kila Ijumaa na Jumamosi kwa miaka 20 lazima lilipelekwa kwa fundi, na fundi aliyeweka freti mpya alifanya kazi yake. Lakini kuna jambo la kiufundi la kukagua: Fender walisukuma freti ndani kutoka ubavuni mwa shingo. Fundi asiyejua huzing'oa kwa kuzivuta juu, na rozwudi huvunjika vipande vidogo pande zote za mfereji. Tafuta viraka hivyo kwa lenzi, na uvitaje kwenye tangazo lako.

Poti na msimbo wake

Nyuma au ubavuni mwa kila poti kuna namba. Tarakimu tatu za mwanzo ni za mtengenezaji: 304 ni Stackpole, 137 ni CTS, 134 ni Centralab. Zinazofuata ni mwaka na juma. Kwa hiyo 304 6320 ni Stackpole ya juma la 20 la mwaka 1963. Kwenye poti za katikati ya miaka ya 1950 mwaka una tarakimu moja tu: 304432 ni juma la 32 la 1954. Juma haliwezi kuzidi 52 au 53, na msimbo unaosomeka 6377 haujatoka kwenye kiwanda chochote.

Kumbuka poti inakuambia tarehe ya chini tu. Gitaa haliwezi kuwa la kabla ya poti zake, ila linaweza kuwa la baadaye, hata kwa miaka, kwa kuwa kiwanda kilinunua poti kwa shehena na kuzitumia mpaka zikaisha. Poti nyingi za 1963 zimo ndani ya magitaa ya 1964 na 1965, na poti za CTS za 1966 zinapatikana ndani ya magitaa ya hadi mwisho wa muongo ule. Basi shingo ya Novemba 1963 yenye poti za juma la 20 la 1963 iko sawa kabisa. Shingo hiyo hiyo yenye poti tatu za juma la 40 la 1965 inamaanisha poti zimebadilishwa, au shingo na pikigadi havikuzaliwa pamoja. Angalia lehemu uamue ni lipi.

Poti zote tatu ni za kilo-omu 250. Swichi ya asili ya kuchagua pikapu ina hatua tatu, ya CRL (ndiyo Centralab) yenye namba 1452. Hatua tano zilikuja kiwandani mwaka 1977, na wapigaji wengi waliotaka zile sauti za katikati, za pikapu mbili kwa pamoja, walibadilisha swichi. Kama ile ya zamani imo kwenye mfuko wa vipuri ndani ya kasha, usiitupe wala usiirudishe mwenyewe. Mpe mnunuzi pamoja na gitaa.

Pikapu, na multimita bila kufungua

Kipimo cha kwanza hakihitaji bisibisi. Chomeka kebo, fungua sauti hadi mwisho, weka multimita kwenye ncha na mwili wa plagi ya upande wa pili, kisha hamisha swichi pikapu moja baada ya nyingine. Pikapu za miaka hii huwa kati ya kilo-omu 5.5 na 6.5. Utasoma pungufu kidogo kwa sababu poti ya sauti iko sambamba na pikapu: pikapu ya 6.0 itaonyesha kama 5.86. Ukisoma karibu 250, waya wa pikapu umekatika na unachopima ni poti peke yake.

Sababu ya kukatika inajulikana. Kwenye pikapu za Fender waya mwembamba kuliko unywele umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, bila kiunzi cha plastiki katikati. Sumaku ikishika kutu, kutu inakula ngozi ya waya halafu waya wenyewe. Gitaa lililokaa Mombasa, Tanga au Maskati bila kasha, hewa ya chumvi ikiingia kila siku, liko kwenye hatari hiyo kuliko lililokaa nyanda za juu. Pikapu iliyokatika hurekebishwa kwa kuzungushiwa waya upya, lakini kabla ya kuuza usifanye hivyo. Mnunuzi makini angependa kumchagua fundi mwenyewe.

Ukishafungua, tazama chini. Hadi mwanzoni mwa 1964 kitako cha pikapu ni cha faiba nyeusi, baadaye kikawa cha kijivu. Waya wa kabla ya badiliko hilo una rangi ya shaba inayong'aa kidogo, na wa baadaye ni wa kahawia iliyoiva kama zambarau. Waya za kutoka zimefunikwa kitambaa, nyeusi na nyeupe au njano. Plastiki hapo ni dalili ya ufundi wa baadaye. Weka dira ndogo juu ya kila pikapu: kwa kawaida zote tatu humwelekeza mshale upande mmoja. Ya katikati ikigeuza mshale, kuna uwezekano mkubwa ni ya kisasa, kwa sababu pikapu ya katikati iliyopinduliwa sumaku ili kuua mvumo ni desturi ya miaka ya baadaye.

Rangi, ambako pesa nyingi hupotea

Kwa desturi ya soko, bodi iliyopakwa rangi upya hulishusha gitaa karibu nusu ya bei, hata kama kila kitu kingine ni cha asili. Upande wa pili, rangi maalumu ya kiwandani hulipandisha mno. Rangi hizo zilipotolewa ziligharimu asilimia 5 tu zaidi ya bei ya kawaida, na sasa ndizo zinazotafutwa kama dhahabu. Fiesta Red, Lake Placid Blue, Sonic Blue, Surf Green: kila moja ni kishawishi kwa mtu mwenye bodi ya zamani iliyochunwa na bunduki ya kupulizia rangi.

Fuata jua. Vanishi ya juu hubadilika kuwa ya njano kadiri inavyopigwa na mwanga na moshi wa sigara. Olympic White huwa kama malai, Sonic Blue hugeukia ukijani. Lakini chini ya pikigadi jua halikufika. Ukiinua plastiki, rangi ya pale iwe freshi kuliko ya nje, na mpaka wake ufuate umbo la pikigadi. Bodi iliyo ya njano sawasawa chini na juu ilipakwa vanishi iliyotiwa rangi ya uzee. Ndivyo ilivyo hata kwa sanibasti, ile rangi inayofifia kutoka njano ya katikati hadi weusi wa ukingoni. Kuanzia 1958 iliongezewa nyekundu kati ya njano na nyeusi, na nyekundu ya miaka ile ya mwanzo imepotea kwenye magitaa mengi kwa kuwa rangi yenyewe haikustahimili mwanga. Chini ya plastiki utaikuta bado ipo.

Kisha tafuta matundu ya misumari. Hadi kuelekea mwisho wa 1964 bodi ilipigiliwa misumari midogo kwenye uso wake ili isimame juu ya meza ikiwa inapakwa na kukauka, na misumari iling'olewa kazi ilipokwisha. Mengi ya matundu hayo yamefichwa na pikigadi. Ndani yake kuwe na mbao tupu. Yakiwa yamejaa rangi au yamezibwa, bodi ilipakwa tena baada ya kutoka kiwandani. Yakikosekana kabisa kwenye gitaa linalodaiwa kuwa la 1961, huenda una toleo la kumbukumbu mkononi. Kuanzia karibu 1963 walitumia pia fimbo iliyofungwa kwenye tundu la shingo wakati wa kupulizia, nayo iliacha kivuli kisicho na rangi ndani ya tundu hilo.

Tochi ya urujuanimno, ile ile ya kukagulia noti bandia, ni chombo cha bei ndogo kinachofanya kazi kubwa. Zima taa, pitisha polepole. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi hung'aa kijani-manjano hafifu, na ni sawasawa isipokuwa pale mkono ulipoichakaza. Mahali palipotiwa kiraka huonekana kama doa jeusi au la zambarau. Shingo iliyopigwa vanishi upya nyuma hukosa mng'ao huo wote.

Nyufa za vanishi husemwa sana, na hughushiwa sana. Za asili hutokea kwa sababu mbao inapanuka na kusinyaa na unyevu na joto, wakati vanishi imekauka na haifuati tena. Hukatisha nyuzi za mbao, hukutana, hupotea, huanza tena. Za kisu zimenyooka na zina kina kimoja, za kugandisha kwa dawa ya baridi zimebanana sehemu moja na kukosekana nyingine.

Plastiki na chuma

Hadi katikati ya 1959 pikigadi ni nyeupe ya tabaka moja, yenye skrubu 8. Baadaye ni ya tabaka tatu, skrubu 11, na ni ya seluloidi ambayo kwa uzee hugeuka kijani hafifu kama mnanaa. Seluloidi husinyaa, kwa hiyo ufa mdogo karibu na skrubu za pikapu ya shingoni ni wa kawaida, na matundu ya skrubu kuacha kukaa sawa na ya bodi pia ni kawaida. Harufu yake ukiisugua ukingoni kwa kidole ni ya kafuri. Usijaribu kuichoma hata chembe kuhakikisha: seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha.

Vidaraja sita vya chuma vinavyobeba nyuzi kwenye daraja vimegongwa FENDER PAT. PEND., na tremolo ina kitako kizito cha chuma. Mwaka 1971 vyote viwili vilibadilika kuwa vya kusubu. Vikaza nyuzi ni vya kampuni ya Kluson: maandishi ya mstari mmoja mgongoni kwa sehemu kubwa ya kipindi hiki, mistari miwili kuanzia 1964. Kutu ya kweli ina sababu. Iko pale jasho la kiganja linapodondoka, kwenye vidaraja na skrubu za daraja, na haiko chini ya kifuniko cha nyuma kwa kiwango hicho hicho. Kutu iliyosambaa sawasawa hadi ndani ya matundu ya skrubu ilipikwa kwa mvuke wa asidi.

Usisafishe chochote. Usipige brasso, usipake mafuta kwenye mwili, usibadilishe skrubu zilizoshika kutu. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba, basi.

Tangazo, bei na malipo

Picha zipigwe mchana karibu na dirisha, bila flashi: mbele, nyuma, kingo zote, kichwa pande mbili, kitako cha shingo na muhuri wake, tundu la shingo, chini ya pikigadi, kila msimbo wa poti, vitako vya pikapu, kibati, freti kwa karibu, na picha mbili tatu za tochi ya urujuanimno. Andika kila kilichobadilishwa kwenye mistari ya mwanzo ya tangazo. Mnunuzi atakayegundua mwenyewe poti moja iliyobadilishwa ataanza kuwaza ni nini kingine umeficha, na punguzo atakalodai litazidi thamani ya poti kumi.

Bei isitoke kwenye matangazo. Yale ni matumaini ya wauzaji. Tafuta bei za mauzo yaliyokwisha, kama zile zinazoonyeshwa na Reverb, soko la mtandaoni la ala za muziki, linganisha mwaka, rangi, na kiasi cha uasili, na utoe mambo ambayo gitaa lako limekosa. Kama thamani inaonekana kubwa, mpe mtaalamu wa magitaa ya zamani alikague kwa mkono na kuandika ripoti yenye saini. Ripoti ya mtu aliyetazama picha tu haina uzito.

Anayekuandikia bila swali moja la kiufundi na kutaka kulipa zaidi ya bei kwa hundi, halafu umrudishie ziada, ni mwizi. Hundi itarudi baada ya majuma, na ziada yako haitarudi. Pesa zionekane benki kwako na benki yenyewe ithibitishe, ndipo gitaa litoke.

Kuvuka mpaka kuna sheria ambayo wengi huigundua uwanja wa ndege. Ubao wa freti wa miaka hii ni rozwudi ya Brazili, Dalbergia nigra, ndugu wa damu wa mpingo wetu, ambao ni Dalbergia melanoxylon. Tangu 1992 rozwudi ya Brazili iko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, daraja la ulinzi mkali kabisa. Mwaka 2017 jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili, na mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikasamehewa. Msamaha huo hauigusi rozwudi ya Brazili. Ukiuza nje ya nchi unahitaji cheti kinachothibitisha kwamba mbao ilipatikana kabla ya zuio. Kenya utaanzia KWS, shirika la wanyamapori, na Marekani ni Fish and Wildlife Service. Anza kuomba kabla ya kupokea malipo, kwa sababu karatasi huchukua muda, na gitaa likizuiwa forodhani bila cheti linaweza kutaifishwa. Shingo ya mepo tupu ya 1954 hadi 1959 haina mzigo huu.

Kufunga ni rahisi ukizingatia mahali panapovunjika, yaani kichwa na kitako cha shingo. Legeza nyuzi kwa toni mbili hivi, usizitoe zote, kwa kuwa fimbo ya ndani inavuta upande wake na shingo itapinda kinyume. Toa mkono wa tremolo, uufunge peke yake. Ndani ya kasha, jaza nguo laini chini ya kichwa na pande zote mbili hadi ukilitikisa kasha husikii kitu. Kasha liingie kwenye boksi lenye nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kila upande, nafasi hiyo ijazwe karatasi iliyokunjwa kwa kubanwa, si mipira ya plastiki inayohama. Lipia bima ya thamani kamili, na picha za kufunga zibaki kwako.

Mwambie mnunuzi pia asilifungue boksi siku linapofika, hasa kama limepita kwenye mizigo ya baridi ya ndege au yuko Minnesota, jimbo la Marekani lenye baridi kali, mwezi wa Januari. Kasha la baridi likifunguliwa kwenye chumba chenye joto, vanishi iliyodumu miaka 60 hupasuka mbele ya macho, wakati mwingine kwa sauti ya kusikika. Boksi likae ndani ya nyumba saa 24, ndipo lifunguliwe.